Mtoto Analala na Nani

Barua ya chuo ilifika siku ya Jumatano, mtoto wangu akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Leo naanza na umri wake kwa sababu siku ile sikuanza nao. Nilianza na barua. Niliisoma nimesimama mlangoni pa chumba chetu cha kupanga pale Njoro, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda kumsomea jirani kwa sauti kana kwamba yeye ndiye aliyeandikiwa. Nilikuwa nimechaguliwa kusomea utabibu, miaka mitatu, hapo hapo Moshi. Muda wote huo mtoto alikuwa mgongoni, anavuta kitambaa changu cha kichwa mpaka kikadondoka, na mimi sikukiokota.

Nilikuwa mhudumu wa zahanati. Yaani yule anayefagia, anayechemsha sindano, anayewapanga akina mama kwenye benchi na kuwakemea wakigombana. Mara mbili nilimwona tabibu wetu akimwandikia mtoto mchanga dawa ya mtu mzima, nikamwambia. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinifokea mbele ya wagonjwa kwamba kazi yangu ni ndoo na ufagio. Kwenye usaili wa chuo, walipouliza kwa nini nataka kusoma, nilijibu kama tulivyojibu wote miaka ile ya Ujamaa, kwamba nataka kuwatumikia wananchi vijijini, na nilijibu bila kupepesa macho. Ukweli nilikuwa nataka yule bwana siku moja anipishe kiti.

Barua ilikuwa na masharti yake. Wanafunzi wote walale bwenini. Watoto hawaruhusiwi. Kuripoti ni baada ya wiki tatu, na asiyeripoti nafasi yake atapewa mwingine. Mume wangu alikuwa kusini na kikosi cha kujenga barabara, anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, vumbi jekundu hadi ndani ya masikio. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Akabaki mtu mmoja tu wa kumwachia mtoto, mama mkwe wangu, kule juu Machame.

Nilipanda Jumamosi, mtoto mgongoni, sukari na sabuni kwenye kikapu, vitu ambavyo siku zile ulivipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mama mkwe alikuwa amekwisha kulea wajukuu watatu, watoto wa mashemeji zangu, mmoja baada ya mwingine, na katika ukoo ule ilikuwa inajulikana kwamba mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi akanenepe. Nilimkuta kihambani, yaani kwenye shamba lake la nyumbani, chini ya migomba, anakatakata shina la mgomba kwa ajili ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na kikapu kizito hivyo?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku anaendelea kukata. Nilipomaliza aliweka panga chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Siwezi, mwanangu."

"Huwezi nini, mama?"

"Kumlea. Siwezi."

Akataja ng'ombe. Akataja majani, kwamba lazima ashuke tambarare kuyakata na kuyapandisha kichwani. Akataja umri, na hapo nilitaka kucheka kwa sababu alikuwa na nguvu kunizidi, au ndivyo nilivyomwona. Hakumpokea mtoto mikononi. Hilo nililiona na nikaliweka moyoni. Mtoto alimnyooshea mikono yote miwili, naye akampa kidole kimoja tu cha kushika, uso ameugeuzia kwenye migomba.

Nilirudi Moshi nimefura. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani mwangu. Watoto wa wake za shemeji zangu aliwaweza, wangu ndiye hamwezi. Nilijiambia ananichukia kwa kuwa sikuzaliwa Machame, nimetoka upande wa pili wa mlima, na kwa kuwa mwanawe alinipata mjini bila kumuuliza kwanza. Jumamosi iliyofuata nikapanda tena, na sukari tena, akanijibu jibu lile lile. Zikawa zimebaki siku kumi na moja.

Hapa sina budi kueleza juu ya sale, kwa asiyetoka kwetu. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyemkosea mwenzake akitaka msamaha huchuma jani la sale, hulifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea mbele ya mashahidi. Ukiletewa jani hilo hukatai. Hata kama kosa ni la damu, ukiletewa sale unaketi na aliyekukosea. Hata wale Walutheri wa kanisani kila Jumapili, wasiotaka kusikia habari za matambiko, hawathubutu kulirudisha. Mama mkwe wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kwa hili alikuwa sawa na wengine wote.

Mimi sikuwa nimemkosea, na moyoni niliona yeye ndiye aliyenikosea mimi. Lakini nilijua kwamba nikipiga magoti na jani, nikaomba anisamehe kosa lolote, kisha kwa pumzi ile ile nikaomba anipokelee mtoto, hataweza kukubali nusu na kukataa nusu. Nilipanga hivyo nikiwa nafua nepi, nimetulia kabisa. Nikamwendea kaka wa marehemu baba mkwe, mzee wa ukoo, nikamwambia nimemkosea mama na nataka tupatane. Mzee alifurahi sana. Alisema mabinti wa siku hizi hawana adabu kama yangu, akaja na mkewe wawe mashahidi.

Nilipiga magoti sebuleni. Nikatoa jani. Nikasema maneno yangu mawili, la msamaha na la mtoto, nimeinamisha kichwa, na machozi yakanitoka kwa amri yangu mwenyewe. Mama mkwe alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Akamtazama mzee. Akalipokea.

"Umeniweza," akasema.

Mzee na mkewe wakacheka, wakadhani ni utani wa mkwe na mkwe. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, nikanywa. Siku iliyofuata nilishuka mlima bila mtoto, maziwa yananilowesha gauni kifuani, na naona aibu kusema kwamba nilishuka nikiwa mwepesi.

Chuoni tulikuwa wasichana wanne katikati ya wanaume watupu. Wiki ya kwanza nilijifunga kanga kifuani kwa nguvu ili maziwa yakauke, na katika somo la mifupa kijana mmoja akaniuliza kama nimemwagikiwa na maji. Nikamwambia ndiyo. Nililia siku mbili tatu, kisha nikaacha, na baada ya hapo nikawa mtu wa furaha. Hili sikuwahi kumwambia mtu. Nililala usiku kucha bila kuamshwa. Nilikula nimekaa. Nilijifunza majina ya mishipa ya mkono nikiwa kwenye foleni ya bafu, na mwalimu akiuliza swali mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Kulikuwa na siku nzima, tangu asubuhi hadi jioni, ambazo sikumkumbuka mwanangu hata mara moja. Jioni nikigundua hivyo nilijiadhibu kwa kujinyima chai, na kesho yake ikawa vile vile.

Jumamosi moja kati ya mbili tuliruhusiwa kutoka. Nilipanda Machame na mkate na chochote nilichokipata. Mwanzoni mtoto alinililia nilipoondoka. Baadaye akawa ananipungia mkono huku anacheza, na nikaona hiyo ndiyo dalili ya malezi mema.

Lakini kulikuwa na mambo yaliyoniudhi. Mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitumia. Mtori wake wa ndizi ulikuwa moto, bibi hakuupuliza kwa mdomo, aliupepea kwa jani la mgomba mpaka mtoto akakasirika kwa njaa. Hakumbusu. Alimbeba pale tu ilipobidi. Nilikuwa nayaona yote hayo na kuyahesabu kama mashitaka.

Mwezi wa tatu au wa nne wa masomo nilifika mapema kuliko kawaida, nikamkuta mtoto amelala usingizi wa mchana peke yake, kwenye kitanda kidogo cha kamba kilichowekwa chumba cha mbele. Dirisha lilikuwa wazi na baridi ya mlima inaingia yote. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nikauliza kama usiku pia analala hapo. Mama mkwe akasema ndiyo, analala hapo, yeye mwenyewe analala chumba cha ndani.

Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa juu ya malezi ya mtoto mdogo, joto la mama, mapenzi, mambo kama hayo. Nilikuwa na daftari zima la mambo hayo. Nikamfungulia mama mkwe wangu mdomo wangu wote.

"Mama, huyu ni mtoto, si mbwa wa kulala barazani."

"Hapo anapata hewa nzuri, mwanangu."

"Hewa! Mtoto wa umri huu anataka joto la mtu. Sisi tumefundishwa. Asipolala na mtu anadumaa."

"Nimemfunika blanketi mbili."

"Kitanda chako kinatosha watu watatu. Alale na wewe. Au nimwandikie mwanao huko kusini kwamba mtoto wake analelewa na upepo?"

Alikuwa ameshika ufagio. Aliendelea kufagia sehemu ambayo alikwisha kuifagia.

"Basi," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Sikuridhika na neno. Nilikibeba kile kitanda cha kamba mimi mwenyewe hadi kwenye banda la kahawa, nikakiegemeza nyuma ya magunia. Nikafunga dirisha. Nikachukua blanketi za mtoto, nikazitandika kwenye kitanda cha bibi yake, upande wa ukutani ili asianguke, nikaweka na mto wake mdogo karibu kabisa na mto wa bibi. Niliusawazisha kwa kiganja. Niliporudi chuoni nilimsimulia rafiki yangu wa bwenini jinsi elimu ya kisasa inavyopambana na ukale, na tukacheka pamoja.

Mtihani wa mwaka wa kwanza nilishika nafasi ya pili. Kikohozi cha mama mkwe nilikuwa nakisikia. Sitajitetea kwamba sikukisikia. Lakini kule juu nani hakohoi, na moshi ule wa jikoni na ukungu ule wa asubuhi? Kanga zilikuwa zinamlegea kiunoni, nikasema ni kazi ya majani. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye jua la mchana amevaa sweta, na nikamtania kwamba anajifanya mzungu anayeota jua.

Mwaka wa pili tukapelekwa wodi ya kifua. Mwalimu wetu alikuwa daktari mmoja mzee, Mhindi wa hapo hapo Moshi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Kiswahili chake kilikuwa kikali na cha haraka. Alitupiga marufuku kumgusa mgonjwa kabla ya kuchukua historia yake yote, maswali yake kwa mpangilio, kisha majibu yake kwa maandishi yanayosomeka. Alitufundisha kifua kikuu mwezi mzima. Alitufundisha kupapasa shingo ya mtoto kwa vidole vitatu, taratibu, ukiwa nyuma yake, huku unamwongelesha. Kwa watoto wadogo, alisema, mara nyingi kifua hakisemi kitu, shingo ndiyo inayosema.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa namwogesha mwanangu kwenye beseni, nje, karibu na banda la ng'ombe, jua limetoka vizuri. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu. Nilikuwa nampaka sabuni shingoni. Vidole vyangu vikasimama vyenyewe. Upande wa kushoto, chini ya sikio, kulikuwa na tezi tatu, ngumu kidogo, zimeshikana, mfano wa maharage ndani ya mfuko. Nikazibonyeza. Hazikumuuma. Alicheka kwa kutekenywa, akanimwagia maji. Begani alikuwa na kovu la chanjo ya kifua kikuu, na miaka yote niliamini kovu lile linatosha.

Nyuma yangu, jikoni, mama mkwe akakohoa.

Nilimfunga mtoto kanga, nikamkalisha kwenye jua. Nikazunguka nyuma ya jiko, mahali pa kuivishia ndizi, sijui hata nilikuwa natafuta nini. Nilikuta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Ndani kulikuwa na majivu, na chini ya majivu makohozi yenye damu. Alikuwa anatema humo na kufukia, peke yake, kila siku. Nikiwa nimelishika kopo lile, nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja, kidole kimoja alichompa mtoto siku ya kwanza, uso uliogeuzwa, kikombe cha uzi mwekundu, jani la kupepea mtori, dirisha wazi, kitanda cha kamba. Mwanamke yule aliyesoma mpaka darasa la pili alikuwa amefanya kila kitu ambacho daktari wangu alikuwa amekiandika ubaoni. Na mimi nilikuwa nimekiondoa kwa mikono yangu.

Alikuja akasimama kwenye kona ya jiko.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia. Hata wakati ule nilianza na kulaumu.

"Baba yenu alikufa nacho," akasema. "Nilimuuguza miaka miwili. Nitashindwa kukijua changu?"

"Na hukwenda hospitali!"

"Wangenilaza miezi. Mtoto ningemwachia nani? Ungeacha chuo." Akalichukua kopo mikononi mwangu, akalifunika vizuri. "Usilishike hivyo, mwanangu. Kanawe."

Jumatatu nilikuwa wodini na wagonjwa wawili. Nilikuwa nimemwambia daktari ni mama mkwe wangu na mtoto wangu, nikitumaini atanipa ruhusa ya kukaa pembeni na kulia. Akasema mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa mama yako, na kwamba nitachukua historia mimi, mbele ya wenzangu, kwa mpangilio. Nadhani alifikiri ananisaidia kujikaza. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mbao na gauni lake la kanisani, mtoto akawekwa kwenye kiti kingine, mbali kidogo. Wenzangu walisimama nusu duara na madaftari yao.

Nikauliza umri. Nikauliza watoto wangapi, wangapi hai. Nikauliza kikohozi kimeanza lini.

"Kabla mtoto hajaja," akasema. "Masika ya mwaka ule."

Daktari akaingilia. "Kabla? Ulikuwa unakohoa, unatema damu, na ukampokea mtoto mdogo? Kwa nini hukukataa?"

Mama mkwe hakunitazama. Nilikuwa namwomba anitazame, na nilikuwa namwomba asinitazame.

"Nilikataa kidogo," akasema. "Halafu nikamtaka. Nyumba ilikuwa kimya."

Karatasi ya historia ilikuwa na maswali yake, na swali lililofuata lilikuwa lile la mtoto. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Mtoto analala na nani?"

"Na mimi," akasema mama mkwe, kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Nilikuwa nimemwekea kitanda chake. Nikamwonea huruma, nikamhamishia kwangu mwenyewe. Hakuna aliyeniambia."

Daktari akatikisa kichwa. Aliwageukia wanafunzi akasema andikeni hilo, akina bibi hawa wanaua kwa huruma. Kalamu zote zikainama. Yangu pia ikainama. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba bibi, akijua ni mgonjwa, alimhamishia mtoto kitandani kwake kwa hiari yake. Nikapiga mstari chini. Wiki iliyofuata daktari alilisomea darasa faili lile kama mfano wa historia iliyochukuliwa vizuri.

Tulipokuwa kwenye korido tukienda kupiga picha ya kifua nilimshika mkono. "Mama, kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza? Ungesema tu."

"Kifua si jambo la kumwambia mtu anayekuja na kikapu," akasema. "Nilisema siwezi. Ukarudi, nikasema siwezi. Ungekuja mara ya tatu ukakaa chini ukaniuliza kwa nini, ningekuambia. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia. Ukaja na sale na watu."

"Na hayo uliyomwambia daktari?"

"Wenzako wangekucheka," akasema, kama vile alikuwa amenisitiria kanga iliyopasuka.

Alilazwa kwenye hospitali ya kifua kwa miezi mingi. Mtoto alichukuliwa na mke wa yule mzee wa ukoo, akawa anapelekwa zahanati kuchomwa sindano, na kila nilipopanda alijificha akiniona na sketi nyeupe. Tezi moja ilipasuka, ikaacha kovu la kunyanyuka, refu kama kidole, chini ya sikio. Nilimuuliza mume wangu kwa barua kama niache chuo. Akajibu malizia. Nilikuwa nimemweleza habari yote kwa jinsi ilivyoandikwa kwenye faili. Mzee wa ukoo naye nilimweleza hivyo hivyo. Kila mara nilijiambia nitarekebisha nikipata nafasi ya faragha, na ukoo ule wote ukaijua habari kwa jinsi ile. Nilihitimu. Nilipewa zahanati yangu mwenyewe, na watu wakanipisha kiti.

Mama mkwe alipona, akabaki na pafu moja tu linalofanya kazi. Ng'ombe alimtoa akafugwe na jirani kwa kuwa hakuweza tena kupandisha majani. Mimi nilimpelekea dawa, nguo, blanketi za sufu, sukari hata miaka ile ambayo sukari ilikuwa haionekani kabisa. Alivipokea vyote na kuniombea baraka. Tulikuwa tunakaa pamoja jikoni, yeye anamenya ndizi, mimi naosha, na lile neno la kitanda halikutajwa kati yetu hata mara moja. Nilikuwa na karibu miaka kumi ya nafasi za faragha.

Sikukuu moja ya Krismasi tulikuwa wote kule juu, ukoo mzima, mume wangu yuko nje na ndugu zake. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ameanza kujitazama kwenye kioo na kujifunga skafu shingoni hata kwenye joto la Moshi. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda na bakuli la mtori, akamwita aje akae karibu naye ale. Binti akasema ameshiba. Bibi akamvuta skafu kwa utani, amwone shingo.

"Niache bibi!" Aliruka nyuma, skafu akaishikilia. "Si ni wewe uliyenitia hili. Baba alisema ulikuwa unajua unaumwa na ukanilaza kitandani kwako."

Nilikuwa mezani nimeshika birika. Mama mkwe akanitazama. Ndiyo mara ya pekee aliyonitazama kwa ajili ya jambo lile, na hakukuwa na hasira ndani yake. Alikuwa anangoja. Alingoja vya kutosha, na mtu yeyote mwenye kauli angekuwa ameshasema. Niliwaza binti yangu atanitazamaje kuanzia siku hiyo, nikawaza mume wangu, nikawaza hata wagonjwa wangu.

Mama mkwe akaweka bakuli chini. Akajiinua kwenye kigoda kwa shida, mkono kwenye goti, akasimama mbele ya mtoto.

"Ni kweli, mjukuu wangu," akasema. "Ni mimi. Unisamehe."

Binti yangu alianza kulia. Akasema amemsamehe. Bibi akamshika shingo kwa viganja vyote viwili, juu ya lile kovu, na mtoto akamwachia. Wakakaa chini, wakala mtori kwa kijiko kimoja. Mimi nikawamiminia chai, bibi kwanza, kisha mtoto, na wote wawili wakaniambia asante.